Gari Lililogoma Jumapili

"Siku zote linawaka," msuluhishi alisema, "ila Jumapili tu ndiyo linagoma?"

"Jumapili tu," Marlys akajibu. "Tena tukiwa tumeshavaa viatu."

Walisimama kwenye yadi ya muuza magari mjini Eau Claire, wamelizunguka gari jipya jekundu, zawadi ya Bi Ardith kwa bintiye Marlys. Fundi alishalishughulikia mara nne akashindwa. Kwa sheria ya Wisconsin, gari jipya likishindikana hivyo ndani ya muda wa dhamana, aliyeliuza hulichukua akatoa jingine. Gari la namna hiyo watu huliita limau, na msuluhishi alikuja kuamua kama hili ni mojawapo.

Dwight, muuzaji, hakutaka kusikia habari za limau.

"Gari ni zima kabisa," alisema. "Muulizeni huyu bwana, Jumapili huwa anatakiwa kwenda wapi."

Curt, mume wa Marlys, akajikuna shingo. Jumapili ilikuwa siku ya kwenda kula kwa mama mkwe wake huko Menomonie, yeye na mkewe, watoto wanne na mbwa. Tangu gari lije, hawajafika hata mara moja.

"Mbona unaniangalia hivyo?" akamwuliza mkewe.

"Nimesema kitu?"

"Mimi mama yako nampenda."

"Curt, tafadhali."

Fundi akakohoa. "Kuna jambo moja. Haya magari ya siku hizi, mtu akiwa na namba ya siri anaweza kuyazima au kuyawasha kwa simu, hata akiwa mji mwingine."

Marlys akanyoosha mkono. Curt akampa simu yake. Mwanamke akaipekua juu mpaka chini, hakukuta kitu isipokuwa picha za samaki, mmoja wao amevalishwa kofia. Akaona haya. Majira yote ya kiangazi alilala kitanda kimoja na mtu huyu akimdhania mwongo, kumbe maskini wa watu hana kosa. Akamrudishia simu, akamfuta vumbi begani ambalo halikuwepo.

"Basi tuigize Jumapili," msuluhishi alisema, amechoka. "Fanyeni vilevile mnavyofanya siku zote."

"Kwanza huwa nampigia mama," Marlys alisema.

Akapiga, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie. Curt akaingia nyuma ya usukani.

"Mama, leo tuna nafasi. Tunakuja sote, na watoto, na mbwa. Tutalala hukohuko."

"Jamani, mwanangu," Bi Ardith akajibu, sauti imejaa asali. "Njooni, njooni upesi. Hao wajukuu nimewakumbuka mpaka basi."

Curt akabonyeza kitufe cha kuwasha. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya vilevile. Dwight akageuka kutazama mtaa wa pili.

Marlys akalitazama gari, kisha akaitazama simu mkononi mwake.

"Mama," akasema polepole, "gari limegoma tena. Hatuji."

"Pole, kipenzi changu," Bi Ardith akasema. "Basi tumwachie Mungu, labda wiki ijayo."

Curt alikuwa ameshuka, mikono mfukoni, injini ilipowaka.