Kilima cha Zahanati

Kitwana alichukua baiskeli moja ya umeme, zile za mji ambazo mtu huzichukua kituo hiki akazirudisha kingine, akapigapiga keria kwa kiganja.

"Kaa, Mama Siwema. Leo unafika zahanati umekaa."

"Na magoti yako?"

"Kuna mota, mke wangu."

Mwezi uliopita kile kilima cha zahanati kilimshinda mkewe. Kifua kilimbana njiani, akarudi nyumbani bila dawa.

Ujana wake wote Kitwana alibeba abiria kwa baiskeli, na abiria wa mji ule walijua adabu: kilima kikianza, unashuka. Mkewe alizidi: akishuka, alisukuma keria kwa nyuma.

Wakaondoka. Kilima kilipoanza, baiskeli ikawa nyepesi ghafla. Kitwana akaisifu mota. Akapanda akipiga soga, akimwonyesha mkewe maduka mapya, bila kungoja jibu. Karibu na kilele akageuka.

Keria ilikuwa tupu.

Mkewe alikuwa mbali kule chini, amejifunga khanga kiunoni, anahema, mkono mmoja ameunyoosha mbele kama anayesukuma kitu.

Kitwana akageuza baiskeli. Akateremka mbio kumfuata.

"Sasa umeshuka kwa nini?"

"Si kilima?" alisema mkewe, akimshangaa.

Akampandisha tena, akamwambia amshike kiuno. Mama Siwema alimshika kwa mkono mmoja. Ule wa pili aliuweka mgongoni mwa mumewe, akamsukuma hadi mlangoni pa zahanati.