Mgeni Hasagi

“Ukilitaja tu lile ombi, tumekwisha,” Naftali alimnong’oneza mkewe kwa mara ya tano tangu watoke nyumbani.

Theodora aliitikia kwa kichwa. Kufikia hapo shingo ilikuwa ikiitikia yenyewe.

Walifunga ndoa Katanga, Naftali alipokuwa akichimba shaba kwa Wabelgiji. Alipotangulia kurudi kwao Singida, alipeleka ombi bomani kwa Waingereza, mkewe aruhusiwe kuja kukaa. Mwaka ukapita kimya, Theodora akizidi kuuliza kwa barua atakuja lini. Ndipo Naftali akamwandikia: njoo na pasi ya mgeni ya siku thelathini, useme umekuja kumsalimu mama yangu. Wakijua kuna ombi la kukaa, watasema huyu harudi kwao, watakufukuza kabla hujafungua mzigo.

Maneno yalikuwa na akili. Theodora akapanda meli, akapanda treni ya Kinyangiri, akashuka Singida na mkeka wake kichwani.

Kwa mama mkwe hakuruhusiwa kugusa kitu. Kwao Naftali, mke hupewa jiwe lake la kusagia. Mgeni hasagi, kazi yake kula. Jikoni palikuwa na mawe mawili. La pili lilikuwa bado na unga wa uwele.

“Nikusaidie kusaga, mama?”

“Hilo lina mwenyewe,” mama mkwe alijibu, akiutazama ukuta utadhani ukuta ndio ulioolewa.

Theodora alicheka moyoni. Mwenyewe si ndiye yeye? Akangoja kukabidhiwa. Naftali naye kila jioni alikwenda Mwankoko kulinda mtama usiliwe na nguruwe. Nguruwe wa Mwankoko hawakuwa na Jumapili.

Leo ilikuwa siku ya thelathini.

Bomani, Naftali alibaki nje. Karani Gabrieli alikuwa na kalamu mbili, moja ya kuandikia, nyingine ya kutishia. Aliigonga mezani hiyo ya pili.

“Siku zako zimekwisha, mama. Kesho treni inashuka Manyoni. Uwemo.”

“Niongezee, baba. Hata wiki moja.”

“Mgeni haongezewi. Labda angekuwapo mtu aliyekuombea kukaa. Unaye?”

Theodora alitazama mlangoni. Akaikumbuka ile meli, na lile ziwa lisilo na mwisho, tena peke yake. Ulimi ukaiasi shingo.

“Ninaye. Mume wangu, Naftali Mughwai. Aliandika ombi.”

Kalamu ilinyamaza. Gabrieli akafungua kabati, akatoa faili, akasoma polepole. Kisha akamtazama Theodora kama mtu aliyekuta nyoka ndani ya kiatu.

“Ombi hili lilikubaliwa mwezi wa pili,” alisema. “Theodora, mke wa Naftali, aliingia mwezi wa nne. Mimi mwenyewe nilimshika kidole nikakigandamiza hapa.” Akaigeuza karatasi. Doa jeusi la dole gumba. “Hakuwa wewe.”

Askari aliyekuwa akisinzia pembeni alisimama wima.

“Kujipa jina la mke wa mtu ni jela, mama. Naftali! Ingia. Unamjua huyu anayejiita mkeo?”

Naftali aliizungusha kofia mikononi mara mbili. Akautazama ukuta.

“Ni mgeni wa mama,” alisema. “Muulizeni kama kwetu amewahi kupewa jiwe.”