Duara Jekundu

Daktari Lightness alikuwa ameshaandika kwamba uvimbe wa mama mmoja mchuma chai si saratani, kompyuta ilipochora duara jekundu kwenye picha ya kinyama kilichokatwa titini mwake. Kompyuta hiyo ya kusoma vipimo ilikuwa ngeni hapo Tukuyu, naye alikuwa bado hajaizoea.

Akakirudisha kioo chenye kinyama hicho chini ya hadubini, akatazama mpaka shingo ikamuuma. Pale palipozungushiwa, ukingoni kabisa, seli chache zilikuwa zimerundikana ovyo, nyeusi kuliko zingine. Alikuwa amezipita bila kuziona.

Akafuta alichoandika. Kisha, badala ya kumtuma nesi, akatoka mwenyewe, akaketi kwenye benchi kando ya mama huyo aliyetoka Lufingo tangu alfajiri.

"Mama, nilikaribia kukuambia urudi nyumbani, huna kitu. Kompyuta ndiyo imenishtua. Ni saratani, lakini bado changa, na inatibika."

Mama aliitazama mvua iliyokuwa ikinyesha nje.

"Changa kweli?"

"Kweli, mama. Ni kadoa kadogo mno. Mimi nilikapita."

"Halafu ukarudi kukatazama."

"Nikarudi."

"Ndaga," mama alishukuru kwa Kinyakyusa. Akamgeukia. "Sasa mbona unalia wewe, mwanangu?"

Akanyanyua mkono, na kwa vidole vilivyoingia weusi wa majani ya chai akamfuta daktari machozi, shavu moja kwanza, kisha la pili.