Jogoo na Vifaranga wa Rangi ya Majivu

Paliondokea Jogoo mweusi tititi, mwenye kuringia weusi wake kuliko sauti yake. Alimwoa Tetea mweupe pepepe, na vifaranga walipoanguliwa, wote walikuwa na rangi ya majivu.

Jogoo akawazunguka, kisha akatazama juu ya paa alikokaa Njiwa, naye wa rangi ya majivu. Akamgeukia Tetea.

"Mimi mweusi, wewe mweupe. Hawa wametoka wapi?"

"Kwetu sote wawili, mume wangu," akajibu Tetea.

"Damu yangu haichanganyiki kama uji."

Akakusanya ua mzima, akatangaza kwamba yeyote asiyefanana rangi na baba yake ni mwanaharamu, na afungashe virago kabla ya jua kuzama. Bata na wenzake wakaitikia. Kisha, kama ilivyo desturi, akaitwa mama yake Jogoo aje kuwakagua wajukuu.

Bibi akaja taratibu, akawakumbatia vifaranga kwa mbawa zake za majivu.

"Mama, usijifananishe nao," Jogoo akasema. "Wewe hizo ni mvi."

"Mvi gani? Nilianguliwa hivi. Na marehemu baba yako, aliyeliwa arusini ungali kifaranga wa siku mbili, alikuwa hivihivi. Dada yako alitoka mweupe, wewe ukatoka mweusi, na baba yenu hakutazama paa la mtu."

Bata akalitazama jua, akamsogelea Jogoo kwa adabu.

"Mzee, tukusaidie kufunga mizigo?"