Mafuta ya Mgombea

Mgombea alipopiga magoti mbele ya madhabahu, kanisa zima lilinyoosha mikono. Mama Nambua, kiongozi wa akina mama wa maombi, alikuwa ameshika kichupa cha mafuta.

"Dada, huyu si ndiye aliyemtelekeza mkewe na watoto?" mdogo wake Eliaichi alimnong'oneza. "Leo wewe ndiye wa kumwombea?"

"Namjua alivyo," Nambua alijibu. "Lakini nani mwingine ameahidi kufunga vilabu vya pombe ya gongo? Nimezika wanangu wawili kwa gongo, Eliaichi. Hao wagombea wema walikuja kunipa pole tu."

Akamimina mafuta kiganjani, akamwinamia mgombea. Hapo harufu ya kinywa cha mgombea ikampiga puani. Ilikuwa gongo, ile ile waliyokuwa wakirudi nayo wanawe.

"Niombee, mama," mgombea alisema taratibu, macho ameyafumba.

Nambua aliinua mkono wenye mafuta, lakini hakuushusha kichwani pake. Nyuma yake waumini walikwisha kuanza kuitikia amina, wakizidi kupaza sauti, na mkono wake ungali juu, mafuta yakichuruzika hadi kwenye kiwiko.