Nyutoni Sitini Kabla ya Kengele

Kila kitu kiliharibika Jumanne ya tarehe kumi na nane Februari, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Mwalimu wa fizikia alianguka mbele ya ubao, chaki mkononi, na gari pekee la wagonjwa lilikuwa limechukuliwa na wakubwa kwenda kuzindua choo. Wakakata utepe, wakapiga makofi, wakajaribu na kuvuta maji. Gari liliporudi, mlinzi wa geti la shule alikuwa keshafiwa na mke.

Mlinzi mwenyewe aliishia darasa la saba. Lakini kwa miaka kumi na tisa mkewe, mwalimu huyo, alikuwa akimjaribishia masomo mezani, huku wakichambua maharage: chaji chanya upande huu, chaji hasi upande ule.

"Ukielewa wewe," mkewe alizoea kusema, "hakuna wa kushindwa."

Mlinzi hakuwahi kuliona kama tusi.

Baada ya mazishi, shule iliandikia ofisi ya elimu barua nne. Ofisi ikajibu moja: suala linashughulikiwa. Hao, kila kitu kwao kinashughulikiwa. Hata choo kilishughulikiwa.

Sasa ilikuwa Oktoba na mtihani wa mwisho ulibakiza wiki tatu. Binti yake alikuwa kidato cha nne. Bila fizikia, chuo cha mafundi wa mitambo ya hospitali angekisikia redioni tu. Na nyumbani hafundishiki. Baba akitamka tu "uga wa umeme", maneno yanatoka kama ya mama, na binti anaziba masikio, analia. Alichokuwa akikishika ni cha darasani peke yake.

Ndiyo maana mlinzi alikuwa akihangaika na kijana yule. Akizama huyu, alijiambia, hazami peke yake.

Kijana alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya kibanda cha getini, mahali asipoonekana kutoka madirishani. Shati lake jeupe lilikuwa limelowa jasho mgongoni. Alitoa kipande cha chaki mfukoni. Bati la kibanda ndilo lilikuwa ubao.

"Chaji mbili," mlinzi alisoma kutoka daftari la marehemu. "Moja chanya, mikrokulombi mbili. Nyingine hasi, mikrokulombi tatu. Zimetengana sentimita tatu. Kani, ile nguvu kati ya hizo mbili, ni ngapi?"

Kijana akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Nukta sifuri sifuri sita, mzee."

"Sifuri sifuri sita! Hiyo hainyanyui hata hicho kipande cha chaki. Sentimita umeziingiza kwenye hesabu hazijavua viatu. Zigeuze mita kwanza."

Akafuta kwa kiwiko.

"Moja nukta nane."

"Umbali umeuzidisha kwa wenyewe?"

Kijana akaanza kuikagua hesabu yake upya.

"Bwana mdogo, umbali unazidishwa kwa umbali. Hata mimi wa darasa la saba najua. Wewe umekaa shuleni miaka mingapi?"

"Mingi, mzee."

"Ulikuwa unafuata nini huko, uji?"

"Mimi moyo wangu uko kwenye historia," kijana alisema, karibu kulia. "Barua ikaja imeandikwa fizikia. Ningefanyaje?"

"Ni haohao. Wanapanga watu kama wanavyopanga magari." Mlinzi akatema mate pembeni. "Haya, andika. Saa tano inakaribia."

Safari hii chaki haikusita.

"Sitini!"

"Sitini nini, mbuzi?"

"Nyutoni sitini!"

"Sasa umesema. Hiyo ni kani ya kunyanyua lita sita za maji. Zinavutana au zinasukumana?"

"Zinasuku... zinavutana."

"Umepona. Na uga ni nini?"

Kijana akatazama juu kama aliyesikia ndege ikipita.

"Uga," mlinzi alisema, "ni kama harufu ya choo cha shule. Hata asipopita mtu, ipo. Inazunguka choo pande zote, na ukikaribia inazidi. Pua yako ikifika pale, ndipo unasukumwa. Huko kusukumwa ndiko kani."

Kijana alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Inaruhusiwa kuisema hivyo?"

"Mke wangu aliisema hivyohivyo. Mkuu wa shule akamwandikia barua ya onyo. Watoto wakafaulu."

Kijana akaiandika kwenye kiganja chake, harufu na choo na pua, vyote.

"Na wakiniuliza kitu ambacho hakimo kwenye daftari?"

"Umeme ni huohuo. Nenda."

Kengele ikalia. Kijana akajipangusa vumbi la chaki, akachomekea shati, akavuka uwanja kwa hatua ndefu za mtu anayeogopa kukimbia. Mlinzi alimsindikiza kwa macho mpaka mlango wa kidato cha nne, akamwona akisimama, akivuta pumzi, akiingia. Viti vikaburuzwa. Wanafunzi arobaini na wawili wakainuka kwa pamoja.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Kaeni." Akachora chaji mbili ubaoni, moja chanya, moja hasi, sentimita tatu katikati. Akafanya hesabu bila kufuta hata mara moja, akaandika nyutoni sitini, akapigia mstari. Alikuwa ndiyo kwanza anageuka na tabasamu lake pale binti wa mlinzi aliponyoosha mkono.

"Mwalimu, kama zinavutana kwa nguvu yote hiyo, mbona kwenye swali zimetulia tu? Nani amezishika?"