Mafuta ya Shamimu

Mwosha maiti aligawa nywele za binti yangu mafungu matatu, kama ilivyo ada ya kumwosha mwanamke, akaanza kusuka.

"Subiri, mama," nikamwambia. "Za Shamimu hazisukwi hivyo. Zipakwe mafuta kwanza, zikiwa bado na maji. Chanuo usipitishe, zitafumuka."

Wifi yangu, aliyeshika ndoo, akageukia ukutani.

Nikatoa chupa ya mafuta ya nazi niliyoificha chini ya kanga. Kila asubuhi ya shule nilipigana na nywele zile za mawimbi. Tulizilaza vizuri nyumbani, lakini upepo wa Tunduma ulizikausha kabla hajafika shuleni Chapwa, naye akarudi jioni akilia kwamba wenzake wamemcheka tena.

Msuko wa kwanza ulikuwa umekwisha. Karibu na sikio, kinywele kimoja kilikuwa kimeshachomoza, kikajikunja.

"Umeona?" nikasema. "Zikikauka zitakuwa timutimu. Leo watu ni wengi."

Mwosha alinishika mkono wenye chupa, akaushusha taratibu.

"Hazitakauka, mwanangu," akasema, kisha akashika fungu la pili.